Jeni Inayosomwa na Jeni Iliyozimwa: Mageuko ya Udhibiti wa Jeni katika Mamalia na Namna ya Kuyaeleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili imekwisha kulipokea neno "jeni" bila ugomvi. Limo katika vitabu vya shule, limo redioni, limo hata katika mazungumzo ya wauguzi. Lakini neno hilo liliingia peke yake, kama msafiri aliyeteremka na kuacha mizigo yake ndani ya behewa. Mambo yanayolizunguka, yaani jinsi jeni inavyofanya kazi, wakati inapofanya kazi, na kile kinachoiamuru ianze au ikome, bado huelezwa kwa Kifaransa katika Kongo na kwa Kiingereza katika Tanzania, Kenya na Uganda. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, ilifungua njia iliyo njema. Hata hivyo, sehemu kubwa ya elimu ya udhibiti wa jeni imekusanywa baada ya mwaka huo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi udhibiti wa jeni ulivyogeuka katika mamalia, kwa kutumia mifano iliyochukuliwa katika maziwa na damu ya watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mifano hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya elimu peke yake. Katika miji ya reli ya jimbo la Lualaba, kama vile Kasaji katika teritori ya Dilolo, Kiuruund, Kichokwe na Kindembu ndizo lugha za nyumbani, na Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya stesheni na ya kituo cha afya. Mzazi ambaye mtoto wake ana ugonjwa wa selimundu ataelezwa ugonjwa huo kwa Kiswahili, ama hataelezwa kabisa. Na maelezo yakiwa mabovu, nafasi yake huchukuliwa upesi na shutuma: mama hulaumiwa, bibi mzaa baba hutajwa, na mtoto huzungushwa kwa waganga wakati dawa ipo.

Tatizo la istilahi

Mtu na afundishwe kwanza jambo moja ambalo wengi hulikosea. Seli ya ini, seli ya ngozi na seli ya ubongo wa mtu mmoja zina jeni zile zile. Hakuna jeni za ini zilizowekwa katika ini na jeni za ubongo zilizowekwa katika ubongo. Mtu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoagiza kutengenezwa kwa protini, na karibu kila seli yake hubeba nakala ya zote. Kinachoitofautisha seli na seli ni zile zinazotumiwa na zile zinazoachwa kimya.

Kitendo hicho cha jeni kutumiwa, yaani maandishi yake ya DNA kunakiliwa katika RNA na nakala hiyo kugeuzwa kuwa protini, huitwa na Wafaransa na Waingereza kwa neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ya kale ni kukamua, kusukuma kitu kitoke nje. Baadhi ya wafasiri wamelitia katika Kiswahili kwa kusema "usemi wa jeni". Tafsiri hiyo haifai. Usemi ni neno au fungu la maneno litokalo kinywani mwa msemaji, na jeni si msemaji. "Udhihirishaji wa jeni" ni bora kidogo, lakini humfanya msikilizaji adhani kwamba kuna kitu kilichofichwa ambacho mtaalamu anakionyesha. Neno lililo karibu zaidi na ukweli wa kitendo chenyewe ni kusoma: maandishi yapo, na seli huyasoma au haiyasomi. Kwa hiyo katika makala haya litatumika neno "usomwaji wa jeni", katika kauli ya kutendwa, maana jeni haijisomi yenyewe. Kuhusu kuanzishwa na kukomeshwa kwa usomwaji, wasemaji wa Kiswahili wamekwisha kuwa na jozi nzuri kutoka kwenye taa: kuwasha na kuzima.

Jozi hiyo ina faida ambayo mwanaisimu hana budi kuitaja. Kiswahili hutofautisha kwa viambishi "imezimwa" na "imezimika", na hutofautisha yote mawili na "imeharibika". Taa iliyozimwa si taa mbovu. Katika elimu hii, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Kwa mkaaji wa Kasaji mfano ulio wazi ni reli. Treni itokayo Lubumbashi ikifika Tenke hukuta njia mbili: moja huenda Kamina, na nyingine hupita Kolwezi na Mutshatsha hata ikafika Kasaji na Dilolo. Reli zote zimelala chini pale pale usiku na mchana. Kinachoamua abiria atalala wapi ni kipande kifupi cha chuma kinachosogezwa pale penye njia panda. Atakayechunguza urefu wa reli peke yake, asitazame kile chuma, hatajua kamwe kwa nini treni mbili zilizo sawa zilifika miji miwili tofauti.

Wazo lilivyozaliwa

Kipande hicho cha chuma kiligunduliwa kwanza katika bakteria. Mwaka 1961, huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi bakteria wa utumbo wanavyowasha jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa pale tu sukari hiyo inapokuwapo, na kuzizima inapokosekana. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Kwamba elimu hii ilianzia katika sukari ya maziwa ni sadfa yenye kupendeza, kama itakavyoonekana.

Kuhusu mamalia, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1975. Mary-Claire King na Allan Wilson, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walilinganisha protini za binadamu na za sokwe mtu, wakakuta kwamba zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Kufanana huko kuliwatia mashaka. Mtu na sokwe hawafanani kiasi hicho kwa umbo, wala kwa mwenendo, wala kwa ukubwa wa ubongo. Ikiwa matofali ni yale yale na nyumba ni mbili tofauti, basi tofauti haiko katika matofali. Wakakata shauri kwamba sehemu kubwa ya mageuko yaliyowatenganisha viumbe hao wawili yalitokea katika udhibiti: jeni ipi isomwe, wapi, lini, na kwa kiasi gani.

Leo yanajulikana mengi zaidi juu ya maandishi yenyewe. Katika herufi bilioni 3 hivi za DNA ya binadamu, sehemu inayoagiza protini ni kati ya asilimia 1 na 2 tu. Katika sehemu iliyobaki kuna vipande ambavyo kazi yake ni kuongoza usomwaji. Kimoja hukaa mwanzoni mwa jeni, nacho chaweza kuitwa "kianzio". Vingine hukaa mbali, pengine maelfu ya herufi kutoka kwenye jeni, navyo huongeza nguvu ya usomwaji. Hivyo vyaweza kuitwa "vichochezi". Vyote viwili hufanya kazi kwa kushikwa na protini za pekee, protini dhibiti. Kichochezi cha jeni moja huweza kufanya kazi katika ini tu, na kingine cha jeni ile ile kikafanya kazi katika damu tu. Kwa hiyo badiliko la herufi moja katika kichochezi laweza kuibadili jeni mahali pamoja mwilini na kuiacha kama ilivyo mahali pengine pote.

Maziwa

Jina "mamalia" latokana na neno la Kilatini la ziwa la mama. Kiswahili nacho, katika matumizi yake ya zamani, huita ziwa kile kinachonyonywa na maziwa kile kinachotoka humo. Lugha ilikwisha kufahamu kwamba maziwa ni chakula cha anyonyaye. Ndivyo ilivyo katika mamalia wote. Mtoto hutengeneza katika utumbo mwembamba kimeng'enya kiitwacho laktasi, chenye kuivunja sukari ya maziwa. Akiachishwa ziwa, usomwaji wa jeni ya laktasi hushuka. Jeni haikuharibika, imezimwa kwa sababu haihitajiki. Ndama, mwana-simba na mtoto wa popo hupita njia hiyo hiyo, na karibu theluthi mbili za watu wazima duniani vilevile. Mtu mzima wa kundi hilo akinywa kikombe kikubwa cha maziwa mabichi, sukari hufika katika utumbo mpana bila kuvunjwa, ikachachushwa na bakteria, na tumbo likaunguruma.

Lakini wako watu wazima wanaoendelea kuisoma jeni hiyo hadi uzeeni. Katika Ulaya sababu ilitambuliwa mwaka 2002: herufi moja iliyobadilika mahali palipo herufi 13,910 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi, ndani ya mipaka ya jeni jirani iitwayo MCM6. Wafugaji wa Afrika ya Mashariki walipopimwa, herufi hiyo ya Ulaya haikueleza uwezo wao. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff pamoja na wenzake wa Afrika na Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Waliwanywesha maji yenye sukari ya maziwa, kisha wakapima kupanda kwa sukari katika damu. Wakakuta mabadiliko matatu mengine, yote katika kipande kile kile cha DNA. Lililo mashuhuri zaidi katika Kenya na Tanzania liko katika nafasi ya 14,010, yaani herufi 100 tu kutoka pale palipobadilika kwa Wazungu. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800 hivi, muda unaolingana na kuenea kwa ng'ombe kuelekea kusini. Jingine, katika nafasi ya 13,915, linajulikana pia miongoni mwa wafugaji wa ngamia wa Uarabuni.

Msomaji na aliangalie jambo hili vizuri. Katika nchi zilizo mbalimbali, watu wasiojuana walifikia ufumbuzi mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyebadilisha jeni ya laktasi yenyewe. Kimeng'enya cha Mmasai na cha Mfini ni kimoja. Kilichobadilika ni amri ya kuacha. Wahadza wa Tanzania huleta swali la ziada, maana wao ni wawindaji na wachumaji, hawafugi, na bado si wachache kati yao wenye uwezo huo. Kuhusu watu wa miombo ya Lualaba, ambako mbung'o aliwazuia ng'ombe kwa karne nyingi, sababu ya kuchagua badiliko kama hilo haikuwapo. Mtu mzima wa Kasaji ambaye maziwa humsumbua si mgonjwa. Yuko kama mamalia wengine wote walivyo.

Mlango uliofungwa katika damu

Mfano wa pili ni mfupi, nao wamhusu karibu kila mzaliwa wa Kasaji. Kijidudu cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax, kilichoenea Asia na Amerika ya Kusini, huingia katika seli nyekundu kwa kushika protini iitwayo Duffy iliyo juu ya seli hizo. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na protini hiyo katika damu hawapatwi na malaria ya namna hiyo. Katika Afrika ya Kati na ya Magharibi, karibu watu wote hawana.

Mtu angedhani jeni yao imevunjika. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa, Christophe Tournamille na wenzake, walikuta kinyume. Jeni ya Duffy ya watu hao ni nzima na husomwa vizuri katika kuta za mishipa midogo ya damu. Herufi moja tu imebadilika, nayo iko katika kianzio, pale ambapo protini dhibiti ya seli nyekundu iitwayo GATA-1 ingeshika. Kwa hiyo jeni imezimwa katika seli nyekundu peke yake, na mwili haupotezi kazi yake kwingineko. Kinga hiyo si kamili, kwa maana mwaka 2010 ilithibitishwa huko Madagaska kwamba vivax huweza kuwaingia hata watu wasio na Duffy. Wala haina msaada wowote mbele ya Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo malaria kali ya Lualaba na ya Kongo nzima. Huyo alidai malipo mengine.

Wanyama wakilinganishwa

Kabla ya kuifikia habari ya malipo hayo, yafaa kutaja kwa ufupi uchunguzi wa aina ya pili, ule unaotazama jeni zote kwa pamoja. Mwaka 2011 kundi la Henrik Kaessmann, lililokuwa Lausanne, lilipima usomwaji wa jeni katika viungo sita vya mamalia tisa, pamoja na kuku wa kulinganishia. Miongoni mwao walikuwamo bonobo, ambaye makao yake ya asili ni Kongo tu, sokwe mtu na gorila. Ilionekana kwamba usomwaji hugeuka polepole sana katika ubongo na haraka sana katika korodani. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine wa maini ya mamalia 20, akiwamo yule panya fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, ulionyesha kwamba vianzio hudumu muda mrefu lakini vichochezi huzuka na kutoweka upesi. Wazo la King na Wilson, lililotolewa kwa hoja tu, likapata hesabu zake.

Damu ya mimba na damu ya utu uzima

Himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, hutengenezwa kwa minyororo minne: miwili ya namna ya alfa na miwili ya namna ya beta. Jeni za namna ya beta ni tano, nazo zimepangwa katika kromosomu ya 11 kwa utaratibu unaoshangaza: ya kwanza ni ile isomwayo katika wiki za kwanza za mimba, kisha gama mbili zisomwazo katika kijusi, kisha delta, na mwisho beta ya utu uzima. Ni kana kwamba mtu aliziandika kwa kufuata umri.

Himoglobini ya kijusi, iliyotengenezwa kwa gama, huishika oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mama, na hivyo huweza kuipokea kutoka katika damu yake kupitia kondo la nyuma. Karibu na kuzaliwa, gama huanza kuzimwa na beta huwashwa. Mtoto akifikia nusu mwaka, himoglobini ya kijusi imepungua sana, na katika mtu mzima kwa kawaida haifiki hata asilimia 2.

Mamalia hawakubaliani katika jambo hili, na hapa ndipo mageuko ya udhibiti yanapoonekana waziwazi. Panya hana himoglobini ya kijusi. Hutoka moja kwa moja katika ile ya kiinitete kwenda katika ile ya utu uzima. Komba, yule mnyama wa usiku mwenye macho makubwa anayelia kama mtoto katika miombo, ana jeni ya gama, lakini huisoma katika kiinitete tu na kuizima mapema. Katika wahenga wa kima, nyani, sokwe na binadamu, gama iliongezeka ikawa mbili, na saa ya kuzimwa kwake ikasogezwa mbele hadi mwisho wa mimba. Neno ni lile lile. Wakati wa kulisoma ndio uliohama. Mbuzi alifika mahali hapo kwa njia yake mwenyewe: jeni yake ya beta ilijirudufu, nakala moja ikawa ya kijusi, na nyingine ikawa ya ujana, ambayo huwashwa tena mbuzi mkubwa akipungukiwa damu. Mbuzi anayezurura kandokando ya stesheni hubeba hivyo suluhisho ambalo mwili wa mtu haukulipata.

Selimundu

Ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za Kongo huuita kwa herufi mbili tu, SS, hautokani na udhibiti. Hapa jeni yenyewe ya beta imebadilika: herufi moja, na kwa sababu yake asidi amino ya sita katika mnyororo. Himoglobini ikiachia oksijeni hushikamana katika nyuzi, seli nyekundu hupinda kama mundu, huziba mishipa na hufa mapema. Mtu aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu huishi bila ugonjwa na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alivyoonyesha mwaka 1954. Hayo ndiyo malipo ambayo falciparum aliyadai. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Itamkwe bila kuficha: baba na mama hutoa sehemu sawa, na hakuna ugonjwa wa SS uliorithiwa kwa upande mmoja.

Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa Brooklyn, alitambua kwamba seli za watoto wachanga wenye kurithi mundu hupinda kwa uchache sana, akahisi kwamba himoglobini ya kijusi ndiyo iwalindayo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1958, Jacob na Raper walieleza kutoka Uganda habari za watu waliorithi badiliko la mundu pamoja na hali nyingine, ambayo kwayo himoglobini ya kijusi haizimwi katika utu uzima. Watu wa namna hiyo, wakirithi mundu kwa upande mmoja na hali hiyo kwa upande wa pili, huishi karibu bila maumivu. Maumbile yenyewe yalikuwa yameonyesha dawa.

Hali hiyo ina daraja. Badiliko la mundu liko juu ya mandhari kadhaa za kijeni. Wagonjwa wa mashariki ya Uarabuni na India huwa na himoglobini nyingi ya kijusi, na ugonjwa wao kwa kawaida huwa mwepesi zaidi. Mandhari iliyoenea katika Kongo na Afrika ya Mashariki, ambayo wataalamu waliipa jina la Bantu, huambatana na kiasi kidogo, na ugonjwa huwa mkali. Katika Omani mandhari hizo hukutana, ile ya Bantu ikiwa imefika kwa njia ya uhusiano wa karne nyingi na Unguja na mwambao.

Ni nani basi anayeizima gama? Mwaka 2008 kundi la Stuart Orkin huko Boston lilionyesha kwamba protini dhibiti iitwayo BCL11A ina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Mwaka 2011 Julie Makani wa Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Tanzania na Uingereza, ambao ulithibitisha kwamba tofauti katika jeni hiyo huhusiana na kiasi cha himoglobini ya kijusi kwa Watanzania pia. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba BCL11A nayo ina kichochezi cha pekee kinachofanya kazi katika seli za damu nyekundu. Mzimaji ana swichi yake.

Kutokana na hapo zikapatikana njia mbili. Moja ni kukikata kichochezi hicho katika seli za uboho wa mgonjwa, ili BCL11A ipungue na gama iwake tena. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, ilikubaliwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023 na Marekani mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Katika Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na mgonjwa hana budi kwanza kuharibiwa uboho wake kwa dawa kali. Si tiba ya kumwambia mzazi wa Lualaba.

Njia ya pili ni kidonge. Hidroksiyurea ilianza kama dawa ya saratani, na mwaka 1998 ilikubaliwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu, kwa kuwa huufanya uboho urudie kuisoma gama kwa kiasi. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba katika nchi za malaria ingeleta madhara. Jibu lilitoka katika uchunguzi uliofanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, uliotangazwa mwaka 2019, ambao Léon Tshilolo wa Kinshasa alikuwa mwandishi wake wa kwanza. Watoto 606 wenye umri kati ya mwaka 1 na miaka 10 walianza kumeza dawa. Kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, malaria ilishuka kutoka mara 46.9 hadi 22.9, kuongezwa damu kutoka mara 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Dawa yataka kupimwa damu mara kwa mara, na yataka kumezwa kila siku, hata siku ambayo mtoto hana maumivu yoyote.

Sharti hilo la mwisho ni gumu kulipokea kama halikuelezwa. Kumeza dawa siku ya uzima huonekana upuuzi kwa mtu aliyeambiwa tu kwamba damu ya mtoto wake "imeharibika", kwa kuwa kilichoharibika hakitengenezwi kwa kidonge. Maneno ya lazima yamo katika Kiswahili kinachosemwa Kasaji kila siku, na muuguzi aweza kusema hivi: "Mama, baba, mtoto huyu alizaliwa na aina mbili za damu. Ile ya tumboni ilikuwa nzuri, lakini ilizimwa alipoanza kukua, kama inavyozimwa kwa watoto wote. Hii ya sasa ndiyo inayopinda. Ile ya kwanza haijafa. Dawa hii inaiwasha kidogo kidogo, na mkiiacha, inazimika tena."